Chungu Kilichofumbua Mikono

Mwaka ule Kamba ya Mbinguni ilipofika nusu ya safari yake kwenda juu, Terewa aling'oka jino la kwanza, na nyumbani kwa Anaeli Kaaya habari iliyovuma ilikuwa ya jino.

Si kwamba Kamba hawakuijali. Elirehema, mama yake Terewa, alikuwa huko huko juu ya jangwa la Turkana, kilomita elfu kumi na nane kutoka ardhini, akiunga nyuzi za ngazi hiyo ya kupandia angani. Kamba yenyewe ilisokotwa kwa mirija ya kaboni, mirija myembamba hivi kwamba ukiipanga elfu hamsini ubavu kwa ubavu ndipo unapata unene wa unywele mmoja, nayo ni migumu kuliko chuma na roho ya mama mkwe. Elirehema alishuka mara moja kwa mwaka, akakanyaga nyasi siku ishirini, akalia siku mbili, akapanda tena. Watoto wengine wana mama wa Dubai. Terewa alikuwa na mama wa juu ya mawingu. Akitaka kumsalimia alitazama juu na kupunga mkono, na majirani wapya walidhani mtoto ni mlokole.

Basi jino la maziwa lilirushwa juu ya bati, kunguru akaombwa alete jipya, na kunguru hakuchelewa. Wiki ya tatu, asubuhi, Anaeli alivaa miwani akamwita mjukuu wake mlangoni kwenye mwanga.

"Fungua mdomo."

"Nimefungua."

"Umefungua wa kuombea pipi. Fungua wa kumwonyesha babu."

Terewa akafungua mpaka masikio yakasogea. Anaeli akachungulia. Jino jipya lilikuwa limechomoza robo, na katikati yake ulipita mstari wa rangi ya chai iliyomwagika kwenye kitambaa.

"Limeota zuri?" Terewa aliuliza, mdomo ukiwa bado wazi.

"Limesimama wima kama askari," babu alijibu. Hakusema uongo. Hakutaja tu rangi ya sare.

Sasa, mtu asiyekijua kijiji cha Ngarokwa atasema jino la kahawia ni nini hata mzee ahangaike. Kijiji kile kimekaa mgongoni mwa Mlima Meru, na maji ya mlima ule yanatoka ardhini yamebeba floraidi kama mgeni aliyebeba kunguni. Hayanuki, hayana ladha, yanang'aa. Ukiyanywa utotoni, meno yanapata rangi ya gome la mti. Ukiyanywa miaka sitini, mifupa inakaza. Zamani mtu wa Ngarokwa akipotea mjini hakuhitaji kitambulisho. Alicheka tu, na askari wakajua basi la kumpandisha. Hayo yaliisha miaka sita nyuma, chungu cha kuchujia maji kilipokuja. Watoto waliozaliwa tangu hapo ndio waliokuwa wakisubiriwa meno yao ya kudumu, na Terewa alikuwa wa kwanza kabisa.

Anaeli akachukua kipimo chake mfukoni, akaenda jikoni.

Chungu cha nyumba kilikaa kwenye kona, juu ya kigoda chake, kimefunikwa sahani na kata juu ya sahani. Kilikuwa cheusi tii, na begani kilikuwa na vifungo viwili vya shaba. Anaeli aligusisha waya mmoja huku, mwingine kule. Vyungu vile vilijipima vyenyewe: umeme mdogo uliingia kwa kifungo kimoja, ukapita katika mirija ya kaboni iliyotapakaa ndani ya udongo, ukatokea kwa kingine. Kadiri mirija ilivyokamata floraidi ndivyo umeme ulivyopata taabu kupita, na namba ikapanda. Chungu kipya husoma moja. Kikifika tisini kimeshiba, kinastaafu. Hiki kilikuwa cha kwanza kufinyangwa, cha miaka sita, na hakikuwa kimepimwa hata siku moja, maana fundi hapimi chungu cha mkewe. Kilitakiwa kisome themanini.

Kilisoma kumi na nne.

Anaeli akakigonga kipimo kwenye paja, akapima tena. Kumi na nne. Ni sawa na kumkuta mzee wa miaka themanini ana meno ya maziwa.

*

Kwa siku mbili alizunguka kijiji akipima. Alimwambia kila mama kuwa ni ukaguzi wa kawaida kwa ajili ya wageni wa Jumatano. Wageni walikuwa wanakuja kweli: wajumbe wa vijiji kumi na viwili vya Bonde la Ufa, wote wenye maji kama ya Ngarokwa, wanataka chungu. Anaeli ndiye aliyetakiwa kusimama mbele yao na kusema kwamba kinafanya kazi.

Nyumba arobaini alizopita, thelathini na tatu zilikuwa sawa kabisa. Namba zilipanda taratibu kama mama mjamzito anapopanda kilima. Nyumba saba zilikuwa na ugonjwa wa nyumba yake. Namba zilikuwa zimepanda vizuri kwa miaka, kisha tangu Pasaka zikaporomoka.

Ijumaa alasiri mkewe, Nakunda, alikwenda mazoezi ya kwaya. Anaeli alirudi na kiu, akaingia jikoni, akakuta kigoda kitupu. Alikikuta chungu stoo, nyuma ya gunia la mahindi. Ndani kilikuwa kimejaa mahindi yaliyokobolewa, yamelowekwa katika maji ya rangi ya mkojo wa ng'ombe, na chini kabisa, akipapasa kwa vidole, palikuwa na donge la magadi.

Akaketi juu ya gunia.

Loshoro ya Nakunda. Kijiji kizima kiliijua. Mahindi laini kama shavu, yamechanganywa na maziwa mgando, kila Jumamosi. Watu walimuuliza analainishaje, naye alikuwa akitabasamu tu, mpaka Pasaka hii, alipowaita jikoni wanakwaya wenzake saba akawafundisha. Anaeli alikuwa amemwambia tangu mwanzo, chungu hiki kisipikiwe motoni. Hakumwambia kisilowekewe. Nani angefikiria? Nakunda aliloweka Ijumaa, na Jumamosi asubuhi akamimina mahindi na maji yake yote sufuriani, maana utamu umo kwenye maji.

Alichota kikombe, akadondosha matone matatu ya dawa nyekundu aliyoizoea tangu ujana. Maji mazuri hubaki mekundu. Haya yaligeuka manjano kabla hajakoroga.

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya maji mjini, akiosha chupa za wasomi na kusoma vitabu walivyosahau mezani. Chuo hakukifika hata getini. Lakini mirija alijitengenezea mwenyewe, kwa gesi ya mavi ya ng'ombe, akiipitisha juu ya unga wa chuma uliopata moto mpaka gesi ikaacha masizi. Ndani ya masizi hayo ndimo mirija ilimo. Wakati dunia inasokota ngazi ya kwenda mbinguni, yeye na mkewe waliyakanda masizi katika udongo wa mfinyanzi. Mrija mtupu hauna faida, ni utelezi mtupu, udongo unaukataa kama mafuta yanavyokataa maji. Lazima uchemshwe kwenye asidi, ubavu wake uchubuke, na pale penye michubuko ioteshwe mikono. Kwanza mikono ya kushika udongo. Kisha, chungu kikishatoka motoni, mikono ya kushika floraidi, mabilioni kwa mabilioni, kila mmoja unangoja chembe moja.

Na mkono unaojua kufumba unajua kufumbua. Mtu aliyeshika kuku, ukimtupia mbuzi, mikono yenyewe inafumbuka, kuku anakimbia. Magadi ndiyo mbuzi. Yanapoingia chunguni, mikono yote inawaacha wale iliowakamata ili idake kitu kinono zaidi. Floraidi ya wiki nzima, ya kila kikombe kilichonywewa salama tangu Jumamosi hadi Ijumaa, ilirudi majini kwa mkupuo mmoja. Ikapikwa. Ikapakuliwa.

Na sahani kubwa ilikuwa ya nani? Nakunda mwenyewe alikula ukoko. Yeye Anaeli, loshoro ilimpa kiungulia. Sahani kubwa, tangu alipoachishwa ziwa, ilikuwa ya mtoto ambaye mama yake yuko juu.

*

Ukweli ulikuwa na maneno matatu: usitie magadi chunguni. Ukiyasema hayo kijiji kinapona, vijiji kumi na viwili vinapona, kazi imekwisha. Anaeli aliyarudia Jumamosi nzima akiwa nyuma ya banda, na kila alipoyarudia aliona uso mmoja, wa mkewe.

Dada mkubwa wa Nakunda alikufa amekunjika kama mundu. Walimzika kwenye jeneza la kutengenezwa makusudi, pana, kwa sababu mgongo ulikataa kunyooka hata baada ya roho kutoka. Ndiyo maana Nakunda alikubali masizi ya mavi yaingizwe katika udongo wa mama yake, udongo ambao mfinyanzi mwingine asingekuruhusu hata kuutemea mate. Alikubali kwa ajili ya mtoto ambaye Elirehema alikuwa amembeba tumboni. Na sasa aambiwe kwamba mkono uliomlisha mtoto huyo sumu ni huu wake?

Kunyamaza hakuwezekani. Nyumba saba zilikuwa na watoto, na wiki ijayo zingekuwa kumi na saba. Kilichobaki ni uongo mzuri.

Anaeli alikuwa stadi wa uongo. Alikuwa ameshawaaminisha watoto wa kijiji kwamba twiga alikuwa punda aliyechungulia dirisha la ghorofani akasahau kushuka. Lakini uongo huu aliuandika polepole, kwa kalamu, kwenda kwa Penieli Nnko, mwenyekiti wa Umoja wa Vyungu. Kwamba kosa ni lake. Kwamba moto wa kuchomea ulikuwa hafifu tangu mwanzo, mikono haikukomaa, vyungu vyote mia tisa vinaweza kutema wakati wowote. Kwamba vikusanywe vivunjwe, na wageni waombwe radhi.

Ndani ya miaka miwili angebuni chungu kingine, chenye mikono isiyofumbuka kwa magadi wala kwa radi. Miaka miwili tu. Akajaribu kukadiria watoto ambao meno yao yangejengeka kwa maji ya chemchemi katika miaka miwili hiyo, akaanza na nyumba za juu. Alipofika kwenye mtambo wa kusaga aliacha kuhesabu, akaifunga barua.

Chungu cha nyumba alikidondosha sakafuni makusudi, akasema kimemponyoka. Nakunda alisikitika kidogo, akasema atafinyanga kingine, akaazima maji kwa jirani. Loshoro ya Jumamosi hiyo aliwapa nguruwe, kwa sababu mumewe alidai ameona mjusi ndani yake.

*

Jumatatu asubuhi Anaeli alikuwa bandani anazoa mavi aliposikia sauti ya Penieli uani.

"Hodi hapa. Nimekuja kukupa pole, shoga yangu."

"Karibu. Pole ya nini? Kwangu hajafa mtu," Nakunda alijibu.

"Pole ya moto."

"Moto gani?"

"Wa vyungu. Mzee kaandika kwamba moto wenu ulikuwa hafifu. Vyote vivunjwe."

Anaeli akasimama na koleo mkononi. Hata ng'ombe aliacha kucheua.

"Moto wangu?" Nakunda aliuliza.

"Ndivyo alivyoandika. Hii hapa."

"Soma pale penye moto."

Penieli akasoma. Alisoma vizuri, maana alikuwa mwalimu, na kila neno lilipita kwenye matundu ya mbao likamfikia Anaeli lilivyo.

"Moto wangu mimi," Nakunda alisema taratibu, "ambao nauwasha tangu mama yangu ananibeba mgongoni. Moto wa kufunikwa na mavi makavu mpaka usipate hewa, ili masizi yake yasiungue. Nani aliyemfundisha huo? Mwanaume huyu hajawahi kuwasha jiko la gesi bila kuunguza nyusi."

"Mimi nimeleta tu barua, shoga."

"Nakuona. Rudi nayo, usimsomee mtu mpaka nikutumie neno." Kisha, bila kupandisha sauti: "Baba Elirehema, toka huko."

Akatoka. Penieli alikuwa ameshafika getini, anatembea kwa mwendo wa mtu anayetamani kubaki. Nakunda alikuwa amekaa kwenye kigoda kilichokosa chungu.

"Mama Elirehema, nisikilize—"

"Nitakusikiliza ukianza kusema. Nimekuvumilia miaka arobaini na tatu. Ulinidanganya kwamba una ng'ombe kumi na wawili, nikaja nikakuta watatu na ndama mgonjwa, nikacheka. Huo ulikuwa uongo wa kunipata. Huu ni wa nini?"

Anaeli akatafuta pa kuweka koleo.

"Moto si hafifu, unajua," Nakunda aliendelea. "Udongo ni ule ule. Masizi ni yale yale. Umevunja chungu ambacho hujawahi hata kukishika vibaya, na umemlisha nguruwe chakula cha mtoto. Unamficha mtu." Alikuwa mwanamke wa kukanda udongo. Alijua kutafuta kokoto kwa kidole gumba mpaka aipate. "Na mtu ambaye ungemvunjia vyungu mia tisa hapa duniani, sioni wa pili. Nimefanya nini?"

Anaeli aliingia ndani akatoka na vyungu viwili vya mfano, vya ukubwa wa ngumi, vilivyonyweshwa maji ya chemchemi mwaka mzima. Vyote viwili vilisoma arobaini na moja. Akatia maji safi katika kimoja, na katika kingine maji safi yale yale na kipande cha magadi. Wakakaa wakisubiri, bega kwa bega kwenye kizingiti. Kuku walipita. Baadaye akadondosha dawa. Cha kwanza kilibaki chekundu. Cha pili kiligeuka manjano ya kiini cha yai.

Nakunda aliinama akakichungulia.

"Sahani kubwa ilikuwa yake," alisema.

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi. Nilikuwa nakwangua mpaka chini nimwongezee." Akaitazama mikono yake, yenye nyufa za udongo usiotoka kwa sabuni. "Jino lake likoje?"

"Lina mstari."

"Na mgongo wake? Kama dada?"

"Hapana. Huo ni wa miaka mingi. Yeye ni mdogo, tumewahi. Ni meno tu."

"Ni meno tu," Nakunda alirudia, akaanza kulia bila sauti. Anaeli akaushika mkono wake, naye akauacha ushikwe, lakini hakumwegemea. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Usinipe pole bado. Nijibu kwanza. Ulitaka nife sijui?"

"Nilitaka ulale usingizi."

"Nimelala miaka mitano, Anaeli." Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu harusi. "Ona nilichofanya nikiwa nimelala. Na wewe ungewarudisha watoto wa watu kwenye maji ya chemchemi ili mimi niendelee kukoroma?"

"Ndiyo."

Alimgeukia. Anaeli alitegemea tusi, na alilistahili.

"Mjinga wewe," Nakunda alisema. Ndipo alipomwegemea.

Walikaa hivyo mpaka jua likafika kizingitini. Kisha mkono wa Nakunda, ambao haukuwahi kujua kukaa bure, ulikivuta kile chungu kidogo cha magadi. Akamwaga maji, akakisuuza mara tatu, akakigeuza geuza.

"Kipime."

"Cha nini tena?"

"Wewe kipime."

Anaeli akagusisha waya. Namba ilitulia kwenye mbili.

"Kilikuwa arobaini na moja," Nakunda alisema.

"Ndiyo. Kimetema."

"Na wewe ulipanga kikifika tisini tukivunje, tukizike, nifinyange kingine. Vyungu mia tisa, kila baada ya miaka saba, mgongo huu huu." Akakiweka chini kati ya miguu yao. "Kumbe hakifi. Kinaogeshwa."

Miaka thelathini na mmoja ya maabara, na vitabu vyote vile, Anaeli alikuwa ameliona kosa tu ndani ya yale magadi.

"Maji ya kuogeshea yataenda wapi?" aliuliza, maana hilo alikuwa bado analimudu. "Tusije tukayarudisha mtoni."

"Wewe ndiye mwenye dawa. Mimi ni mpika sumu."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema mpaka niizoee. Jibu."

"Chokaa," alisema. "Yakitiwa chokaa ya kutosha yatashika tope jeupe, litaganda. Floraidi ikikamatwa na chokaa inarudi kuwa jiwe, kama ilivyokuwa mlimani."

"Basi nenda kamwambie Penieli hiyo barua airudishe kwa mwandishi wake. Na usiandike nyingine. Jumatano nitasema mwenyewe."

*

Jumatano wajumbe walikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyotolewa nje, wanakijiji nyuma yao. Nakunda alisimama amevaa kitenge cha kwaya, donge la magadi mkononi. Anaeli alikuwa amesali mkewe aseme kwa mafumbo. Alisema wazi kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Kwamba chungu ni kizima. Kwamba yeye, Nakunda, kwa miaka mitano alilowekea ndani yake mahindi kwa hili, akamlisha mjukuu wake, na tangu Pasaka akawafundisha wenzake saba. Akawataja mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, akawaomba radhi. Akaeleza magadi yanafanya nini, na kwamba kuanzia leo yatakuwa ya kuogeshea tu, mara moja kwa mwaka, maji yote kwenye shimo la chokaa, na Anaeli atasimama hapo na kipimo.

Hawakupiga makofi. Mmoja wa wale saba, Naomba Mbise, mwenye mtoto wa miaka miwili mgongoni, aliinuka akaondoka bila kumtazama, na Nakunda hakumwita. Wajumbe wa vijiji vinne walisema wanakwenda kutafakari. Wa vijiji vinane walibaki, wakataka waone chungu kikiogeshwa, wakauliza maswali mpaka chai ikapoa. Mzee mmoja wa kutoka chini bondeni, ambaye meno yake yalikuwa kama mbegu za tikiti, alimshika Nakunda mkono akauliza kama hiyo loshoro inaweza kulowekwa kwenye ndoo ya plastiki.

"Ikilowekwa kwenye ndoo ni tamu?"

"Nusu," Nakunda alijibu.

"Nusu inatosha," alisema mzee.

Walirudi nyumbani saa kumi. Anaeli alijitolea kumwambia Terewa. Alikuwa ameshatunga hadithi njiani, yenye tembo aliyefuga jino.

"Acha," Nakunda alisema. "Wale nimewaambia nikiwa nimesimama. Huyu nitamwambia nimekaa. Na mama yake akishuka nitamwambia mimi."

Akakaa chini jikoni, miguu imenyooshwa, akamwita mtoto akae mbele yake. Anaeli alibaki mlangoni. Nakunda alimweleza yote, polepole, kuhusu mikono midogo iliyomo chunguni, na ilivyofumbuka, na aliyeifumbua. Terewa alisikiliza huku akilipapasa jino lake kwa ulimi.

"Litafutika?"

"Halitafutika. Na yanayofuata, matatu au manne, yatatoka hivyo hivyo. Ya nyuma yake tutayawahi."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungejua usingenipa."

"Ningejua nisingekupa. Lakini nilikupa mimi, Terewa. Si chungu, si babu. Ukikua mtu akikuuliza, umwambie hivyo."

Nje mbuzi alilia, akajibiwa na mwingine.

"Jumamosi utapika nini?" Terewa aliuliza.

Nakunda alijifuta mikono kwenye kitenge. "Bado unataka nipike mimi?"

"Sasa nani? Babu?"

Wote wawili wakamtazama babu mlangoni, na ilionekana wazi kwamba huo ndio ulikuwa mwisho wa mjadala. Nakunda akavuta ungo wa maharage, akauweka mapajani. Terewa akasogea, akaanza kutoa mawe.